Stendi za shabaha za mbao za kujitengenezea: uzoefu wangu

Kwa shabaha za karatasi, stendi hizi zinanitosha kabisa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kinacholiwa na risasi ni fito mbili tu, nazo huchomolewa na kubadilishwa bila kugusa skrubu hata moja.

Kitako kimoja hutoka kwenye mbao moja ya inchi mbili kwa nne, urefu futi 8: miguu miwili ya sentimita 75 na vipande viwili vya sentimita 45. Mbao iliyopigwa randa huwa milimita 38 kwa 89, kwa hiyo pima kabla ya kukata. Laza miguu sambamba, kisha simamisha vile vipande kwa ubavu juu yake, ukiacha kati yao mwanya wa kupitisha ufito. Fito ni za inchi moja kwa mbili, urefu sentimita 150, na ncha zake za chini hukaa juu ya miguu. Kila upande wa ufito, ziba mwanya kwa kipande kifupi cha mbao hiyohiyo ya fito, ukikiongezea unene kwa karatasi ya boksi, ili tundu lizidi ufito kwa milimita 3 hivi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kutaka ukae kwa kubana. Mbao ikinyeshewa huvimba, na ufito uliobana hautoki ila kwa nyundo. Ukicheza wakati wa ukavu, chomeka kabari nyembamba.

Tumia skrubu za milimita 75, mbili kila kiungo, zikiingia kutoka chini ya mguu. Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3, maana karibu na ncha mbao hupasuka. Misumari siipendekezi, mtikisiko huilegeza upesi.

Juu ya kitako sitaki chuma chochote zaidi ya pini za stepla. Risasi ikigonga bolti au bamba, vipande vyake vinaweza kumrudia mpigaji. Kwa sababu hiyohiyo kagua vizuri mbao za paleti, kwani huficha misumari iliyokatika. Kwa fito chagua msonobari wenye nyuzi zilizonyooka. Ufito wenye kifundo huvunjika palepale kwenye kifundo.

Katoni ya kubandikia shabaha, ya sentimita 45 kwa 75, hufunika fito zote mbili vizuri, lakini hushika upepo kama tanga. Weka mifuko ya mchanga juu ya miguu yote miwili, mbele na nyuma, la sivyo stendi itaanguka chali.

Stendi haizuii risasi. Isogeze karibu na tuta la udongo, na upandishe au ushushe katoni mpaka mstari wa kulenga uishie ndani ya tuta. Ikiwa chini mno, risasi hugonga ardhi mbele ya tuta na kuruka kusikojulikana. Shabaha za chuma zisitundikwe hapa kabisa.