Kuandikisha mtoto katika shule ndogo ya kijijini, Wilaya ya Bahi

Novemba iliyopita nilimwandikisha binti yangu darasa la kwanza katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, na kwa kuwa watumishi wengi wanaohamishiwa huku kutoka Dodoma mjini huulizia shule hizi, naandika niliyoyaona.

Uandikishaji haukunichosha. Mwalimu mkuu alikagua cheti cha kuzaliwa, akaandika jina, umri na kitongoji, wala hakudai senti, kama inavyopasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016. Mama aliyenitangulia alikuwa na kadi ya kliniki tu, naye akapokelewa.

Kilichonishika zaidi ni ubao wa takwimu ukutani, ule wa WAV (wavulana), WAS (wasichana) na JML (jumla). Darasa la kwanza limefurika; kuanzia la tano safu ya wavulana inapungua upesi kuliko ya wasichana, na mwalimu alinieleza bila kuficha kwamba wamefuata ng'ombe. Darasa la nne lilizidi la tatu, na mgeni angedhani kuna mwaka kijiji kilizaa sana, kumbe ni waliokariri darasa baada ya kushindwa upimaji wa kitaifa. Anayesoma JML peke yake atapotoka.

Uchache wa wanafunzi una raha yake, kwani mwalimu anamjua kila mtoto na kwao. Ila ikama, yaani idadi ya walimu wanaostahili kuwapo shuleni, hukadiriwa kwa idadi ya wanafunzi, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, ilhali masomo hayapungui kwa sababu shule ni ndogo. Kwa hiyo anayefundisha hisabati darasa la sita ndiye huyo huyo wa Kiingereza darasa la tatu, na siku akiugua, madarasa mawili hukaa bure.

Kasoro niliyoiona ni kwamba fomu niliyojaza haikuuliza lugha ya nyumbani. Shuleni wamo Wagogo, Wataturu wanaofuata malisho, na watoto wa watumishi waliokulia katika Kiswahili, na mtoto anayekaa kimya huweza kudhaniwa mzito hadi igundulike kuwa anasikia Cigogo tu. Mwalimu wa darasa la kwanza ameanza kuiandika lugha ya nyumbani ya kila mtoto kwa penseli pembeni mwa daftari la mahudhurio.

Nyota nne kati ya tano. Nenda kabla ya saa sita mchana.