Kamera nne za dukani kwangu Bombo, baada ya miezi minane

Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Bombo. Nilivunjiwa mara mbili, nikalipa shilingi 1,400,000 kwa kampuni moja ya Kampala inifungie kamera nne na taa inayojiwasha mtu akipita. Kijana wao wa mauzo aliniambia, "Mzee, mwizi anapiga hesabu kama wewe. Sisi tunampandishia gharama."

Binti yangu anasoma sheria, akanieleza kwamba hoja hiyo ni ya zamani. Beccaria, mwanafikra wa sheria wa Italia, aliiandika mwaka 1764, na mwaka 1968 Gary Becker, mchumi wa Marekani, akaiweka kwenye hesabu kamili: faida ya wizi upande mmoja, upande wa pili adhabu pamoja na uwezekano wa kukamatwa. Beccaria alishikilia kwamba uhakika wa kuadhibiwa unamzuia mtu kuliko ukali wa adhabu. Namwamini. Sheria yetu inaruhusu kifo kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na wanyang'anyi hawajaisha.

Taa naisifu bila kusita. Usiku mmoja, saa nane na dakika kumi, jamaa alifika mpaka mlangoni na nondo mkononi. Taa ikawaka. Akatazama juu, akaiona kamera, akashusha kofia usoni, akarudi alikotoka taratibu. Huyo alipiga hesabu.

Julai akaja mwingine. Taa ilimmulika na wala hakugeuka. Alivunja dirisha kwa jiwe, akaacha droo ya pesa, akabeba betri moja. Alfajiri tulimkuta nyuma ya duka amelala, ananuka pombe ya waragi, betri ameifanya mto. Watu walikuwa wameshaokota mawe. Nikasimama mbele yake mpaka mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, akafika. Hesabu ile inadhani mtu ana akili tulivu na anajua kinachomngoja. Cornish na Clarke, wataalamu wa uhalifu, walishasema mwaka 1986 kwamba mhalifu huamua kwa haraka, kwa habari chache; na huyu wangu alikuwa amelewa pia. Kijana wa mauzo hakunigusia hilo.

Kibaya zaidi, umeme ukikatika kamera zote zinazima, na wezi wa hapa wanajua usiku wa giza kuliko mimi. Niliipigia simu kampuni, fundi akaja siku ya tisa. Uhakika uko wapi hapo? Nimenunua betri ya akiba mwenyewe, shilingi 280,000. Ukienda kwa kampuni hiyo, usitoe pesa ya mwisho kabla hawajafunga betri ya akiba na kuzima swichi kubwa mbele yako.