Jozi mbili za viatu: duka la mtandaoni na duka la mtaani

Katika kipindi cha miezi minne nimenunua jozi mbili za viatu vya ngozi vya kutembelea, ya kwanza kutoka duka la mtandaoni na ya pili kutoka duka dogo lisilouza kitu kingine ila viatu. Kwa kuwa nilitafuta kitu kile kile, kwa miguu ile ile, nimeona inafaa kuzitathmini huduma hizo mbili kwa pamoja. Sitayataja maduka kwa majina, kwa sababu mengi ya yaliyonipata hayakutokana na ubaya wa mtu fulani. Yalitokana na namna kila biashara ilivyopangwa. Kabla ya hapo nilidhani kwamba anayenunua kwa simu hulipia bidhaa bila huduma, na anayeingia dukani hulipia vyote viwili. Sasa naamini vingine: huduma ni kazi, na kazi hiyo haitoweki mtu anaponunua mtandaoni, bali huhamia mikononi mwa mnunuzi mwenyewe.

Nianze na yaliyo mema. Duka la mtandaoni lilinipa uchaguzi ambao duka la mtaani haliwezi kuupata, picha zilizopigwa kutoka kila upande hadi chini ya soli, na uhuru wa kupima na kulinganisha usiku wa manane pasipo mtu kunisubiri niamue. Kifurushi kilifika siku iliyoahidiwa, kikiwa kimefungwa vizuri. Kama kiatu kingenienea, huenda nisingekuwa na la kuandika.

Hakikunienea, na sababu yake inastahili kuelezwa, kwani ndipo tofauti ya huduma hizi mbili ilipo. Mguu wangu wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto kwa takriban milimita sita. Ukurasa wa bidhaa uliniagiza niweke karatasi sakafuni, nikanyage, nichore ukingo wa unyayo, kisha nilinganishe na jedwali. Nilifanya hivyo asubuhi, nikiwa nimeketi, tena kwa mguu mmoja tu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba unyayo hutanuka na kurefuka kidogo mtu anapousimamia kwa uzito wake wote, wala kwamba miguu huvimba kiasi kadiri siku inavyosonga. Mimi niliyekuwa sijui ndiye niliyepewa kazi ya mpimaji, na makosa ya mpimaji huyo yakawa ya kwangu.

Jedwali lenyewe nalo lina matatizo yake. Namba za Ulaya huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, ilhali zile za Uingereza na Marekani huongezeka kwa theluthi moja ya inchi, yaani takriban milimita 8.5, kwa hiyo ngazi za mfumo mmoja haziwezi kulingana na za mwingine bila kuzungushwa juu au chini. Zaidi ya hayo, namba ya Ulaya hupima kalibu, yaani umbo la mfano wa mguu ambalo kiatu hujengwa juu yake, haipimi mguu wenyewe. Namba 43 ni kalibu ya karibu sentimita 28.7, na kila mtengenezaji huamua mwenyewe ni nafasi kiasi gani ibaki mbele ya vidole. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa 43 ya kampuni moja kwa raha na 43 ya kampuni nyingine akashindwa kutembea nayo. Upo mfumo wa kimataifa unaoandika urefu na upana wa mguu wenyewe kwa milimita, lakini hutumika zaidi katika viatu vya kijeshi na vya michezo ya theluji, na mnunuzi wa kawaida hakutani nao.

Nilipotaka kuvirejesha, programu ya mazungumzo ilinitaka nichague sababu moja kati ya sita. Hapakuwa na hata moja iliyosema kwamba kiatu kinatosha mguu wa kushoto na kinabana wa kulia. Nikachagua kwamba ni vidogo, nikapendekezewa 44, ambayo ingeuacha mguu wa kushoto ukielea ndani ya kiatu. Siku iliyofuata nilipata mtu wa kujibizana naye kwa maandishi. Alikuwa mwenye adabu, kumbukumbu zote za ununuzi wangu alikuwa nazo mbele yake, na sina lawama juu yake. Lakini hakuwa na namna ya kuuona mguu wangu, na aliloweza kunisaidia lilikuwa ni kurudisha mali tu. Nikachapisha lebo, nikafunga kifurushi upya, nikakipeleka mwenyewe kwa msafirishaji, nikahifadhi risiti ya kukipokea, nikasubiri pesa zangu kwa karibu wiki tatu.

Hata hivyo pesa zilirudi zote, na jambo hilo si dogo. Muuzaji wa mbali amelazimika tangu zamani kuinunua imani ya mteja kwa ahadi ya aina hiyo: Aaron Montgomery Ward, aliyeanza kuuza bidhaa kwa katalogi na posta mjini Chicago mnamo 1872, kufikia 1875 alikuwa akiwaahidi wateja kurudishiwa fedha zao wasiporidhika. Leo katika nchi za Umoja wa Ulaya ahadi hiyo ni sheria. Agizo la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji linampa anayenunua kutoka mbali siku 14, tangu apokee bidhaa, za kuvunja ununuzi bila kutoa sababu yoyote, ingawa gharama ya kurudisha yaweza kuwa juu yake. Anayenunua dukani hapewi haki hiyo na agizo hilo, kwa hoja kwamba alikwisha kukishika kitu mkononi kabla ya kulipa. Kwa hiyo mwenye duka akikataa kukurudishia pesa kwa sababu umebadili mawazo tu, mara nyingi hana kosa kisheria, na ni muhimu kuuliza kabla ya kulipa badala ya kugombana baadaye.

Sasa duka la mtaani. Muuzaji, mzee wa makamo, hakuniuliza nilikuwa navaa namba ngapi. Nilipojitajia mwenyewe alitikisa kichwa na kuleta kile chuma cha kupimia chenye vidude viwili vya kuteleza, ambacho kilibuniwa na Charles Brannock wa Syracuse, jimbo la New York, katika miaka ya 1920. Nilikuwa nimeketi. "Simama, ndugu," aliniambia, "mguu unaoning'inia haupimwi." Alipima yote miwili, akasoma urefu, upana, na kipimo cha tatu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia: umbali kutoka kisigino hadi kwenye kifundo cha kidole gumba, pale mguu unapojikunja. Alinieleza kwamba kiatu lazima kijikunje mahali pale pale mguu unapojikunja, la sivyo ngozi itaupiga mguu hata kama urefu ni sahihi. Kisha akafanya kile ambacho jedwali halina nafasi yake: alichagua jozi kwa kuufuata mguu mrefu, akatia soli nyembamba ya ndani katika kiatu cha kushoto, akabadilisha namna kamba zinavyopita ili kisigino kisichomoke. Nilitembea dukani kwa dakika kumi. Siku ya nane kisigino cha kushoto kilianza kupwaya. Nilirudi, na soli ile ikabadilishwa papo hapo bila fomu wala swali.

Sipendi mtu asome hapo akadhani nasifu kila duka lenye mlango. Wiki moja kabla nilikuwa nimeingia duka lingine ambako muuzaji alinifuata hatua kwa hatua, akaniletea viatu vyenye namba isiyokuwa yangu kwa sababu ndivyo vilivyobaki, na akaniapia kwamba ngozi itaachia nikivizoea. Huo si uhudumu. Ngozi huachia kidogo kwa upana, haiachii kwa urefu, na mtu anayeuza viatu anapaswa kulijua hilo. Hata duka zuri nililolisifu lilikuwa na mitindo minne tu ya kunifaa, na rangi niliyoitaka haikuwepo.

Kuhusu maoni ya wanunuzi mtandaoni, nayaona kuwa msaada wa kweli endapo mtu atasoma maneno na kuacha kuhesabu nyota. Maoni yaliyonifaa yalikuwa ya wale walioeleza wana mguu wa namna gani na kiatu kilifanya nini baada ya miezi miwili. Mengine hayana uzito, na baadhi hununuliwa; tatizo hilo limekua kiasi cha Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kutunga kanuni, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, ya kupiga marufuku maoni bandia na kununua sifa.

Lipo jambo moja linaloniuma. Baada ya kupimwa nilitoka nikijua vipimo vyangu vyote vitatu, na nilipotazama simu nikakuta viatu vile vile mtandaoni kwa bei pungufu. Watu wengi hufanya hivyo: hujaribu dukani, hununua kwingine. Naelewa mfuko wa mtu una kauli yake, lakini nusu saa ya yule mzee ilikuwa kazi, na bei iliyopungua ilipungua kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulipwa kwa kazi hiyo. Kumtumia mmoja kama mpimaji wa bure wa mwingine ni kumdhulumu, na duka likifungwa chuma kile hakitahamia kwenye simu.

Kwa hiyo nimejipangia hivi. Vitu ambavyo sifa zake zinaandikika kikamilifu, kama vile kamba, dawa ya ngozi, au jozi ya pili ya kiatu ninachokijua tayari na ambacho duka la mtaani halikileti, naviagiza mtandaoni bila wasiwasi. Kitu chochote kinachopaswa kukutana na mwili wangu kwanza, nakwenda kukitafuta kwa mtu. Jozi ya tatu nimeiulizia kwa yule mzee kwa njia ya simu. Alifungua daftari lake, akanisomea vipimo vya mguu wa kulia na wa kushoto kama alivyoviandika, akasema ataagiza rangi niliyoikosa, na akanitaka nipite kuijaribu mchana, miguu ikiwa imekwisha kutembea.