Robo ya mlango: miaka kumi na Protein Data Bank

Nimeitumia Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, karibu kila siku ya kazi kwa miaka kumi hivi, na siku ya kwanza niliumbuka. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nafundisha jinsi neva inavyopeleka ishara, nikataka wanafunzi wauone mlango wa potasiamu, ile protini iliyojichomeka kwenye utando wa seli na kuacha tundu la ayoni (atomu zenye chaji) kupita. Mwenzangu aliniandikia alama nne kwenye kikaratasi, ndiyo namba ya muundo huo hifadhini: 1K4C. Nikapakua faili, nikalifungua kwenye programu ya kuchorea molekuli, nikalirusha ukutani kwa projekta. Kikatokea kidude kirefu chenye mabawa. Nikakieleza kwa mbwembwe nusu saa nzima, hapa nguzo, hapa kizingiti, mpaka mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani, tundu liko wapi?"

Tundu halikuwepo. Nilichokuwa nakionyesha ni robo ya mlango, na yale mabawa niliyoyasifia ni kingamwili iliyobandikwa na watafiti ili fuwele ziote vizuri.

Huwezi kuihukumu huduma hii kabla hujaelewa robo hiyo ilitoka wapi. Kristalografia, njia ya kusoma maumbo kwa kutumia fuwele, haipigi picha ya protini moja. Inachukua fuwele, yaani protini mabilioni kwa mabilioni zilizopangika kama matofali, inaimulika kwa eksirei, na miale inatawanyika na kuacha madoa. Max von Laue na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1912. Mwaka uliofuata William Bragg na mwanawe Lawrence wakawa wanayasoma madoa hayo kujua atomu zimekaa wapi ndani ya chumvi na almasi. Kwa kuwa matofali yanajirudia, mtafiti huweka hifadhini kipande kidogo kabisa kisichojirudia, pamoja na kanuni za kukizungusha mpaka lipatikane umbo zima. Kwa 1K4C kipande hicho ni robo. Kizungushe mara nne kwenye mhimili wake, tundu linajitokeza katikati. Ukurasa wenyewe unayaonyesha yote mawili, na faili la umbo kamili liko palepale kwenye orodha ya kupakua. Mimi nililidaka la kwanza kama mtu anayetia saini mkataba bila kuusoma.

Basi lifungue umbo kamili. Linafunguka ndani ya kivinjari, hakuna cha kusakinisha, na kompyuta ya kawaida inatosha. Sogelea pale tundu linapobana, upande wa nje wa seli. Utaona vitone vinne vimepanga foleni: hizo ni ayoni za potasiamu. Hesabu oksijeni zinazozunguka kimoja: nne juu, nne chini, kila moja kwa umbali wa angstromu 2.8 hivi, na angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Kisha teremka kwenye ukumbi ulio katikati ya utando. Pana ayoni nyingine peke yake, imezungukwa na molekuli nane za maji. Nane kwa nane! Potasiamu inapovuliwa maji yake mlangoni inapokewa na oksijeni nane za protini zilizokaa karibu sawasawa na yale maji, kwa hiyo haipotezi kitu. Sodiamu ni ndogo zaidi, nusu kipenyo chake ni angstromu 0.95 dhidi ya 1.33 za potasiamu. Zile oksijeni haziikumbati vizuri, nayo inaona heri ibaki na maji yake. Ndiyo maana mlango unaweza kupitisha ayoni kama milioni mia moja kwa sekunde na bado ukaikataa ayoni iliyo ndogo kuliko ile unayoipitisha.

Miaka nenda rudi nilikuwa nikilisema jambo hilo darasani kwa mdomo tu. Watafiti Hodgkin na Huxley walipoeleza mwaka 1952 umeme unavyosafiri katika aksoni nene ya ngisi, ule uzi mrefu wa neva, hawakuwa na mlango wowote wa kuuona. Walikuwa na vipimo na hesabu. Picha ya kwanza ilitoka kwa mtafiti Roderick MacKinnon na wenzake mwaka 1998, nayo imo hifadhini kwa jina la 1BL8. Ubainifu wake, yaani ukali wa picha (namba ikiwa ndogo picha ni kali zaidi), ni angstromu 3.2, na wa 1K4C, ya 2001, ni 2.0. Zifungue zote mbili sambamba uone tofauti ya namba hizo kwa macho, maana maneno hayatoshi. Mlango wenyewe ni wa bakteria wa udongoni, lakini sehemu inayochuja ayoni imefanana sana na ya neva zetu.

Kinachonirudisha hapa kila siku, hata hivyo, ni kitufe cha ramani ya elektroni, ambacho wageni wengi hawakigusi. Eksirei hutawanywa na elektroni, kwa hiyo vipimo vikishachakatwa hutoa wingu. Vile vijiti na utepe wa rangi ni tafsiri ya binadamu aliyelitazama wingu akasema: hapa nadhani pana atomu. Washa ramani uone kama vijiti vimekaa ndani ya wingu. Mara nyingi vimekaa. Pengine utakuta mkia wa protini unaning'inia kwenye utupu, mtu kaujaza kwa imani. Tangu 2008 anayeweka muundo wa eksirei analazimika kuweka na vipimo vyake, na kila ukurasa una ripoti ya ukaguzi yenye mistari inayotoka nyekundu kwenda bluu. Ukiona vialama vimerundikana kwenye nyekundu, punguza imani.

Wapo wanaoona huo ni usumbufu. Niliwahi kulipia huduma nyingine, sitaitaja, inayouza picha nzurinzuri za protini kwa ajili ya kufundishia. Rangi zilipendeza. Ramani hakuna, ripoti hakuna, hata ubainifu haukuandikwa. Nilipouliza nikajibiwa kwamba walimu hawahitaji hayo. Mwezi haukuisha nikajitoa. Na si suala la walimu tu: mwaka 2006 zilifutwa makala tano za kisayansi kuhusu protini za utando, kwa sababu programu ya kujitengenezea maabarani ilibadilishana safu mbili za data na umbo likatoka kinyumenyume. Picha zilikuwa safi kabisa.

Hata ile foleni ya ayoni nne usiimeze nzima. Fuwele inakupa wastani wa protini zote zilizomo, kama picha ya barabara iliyopigwa kwa saa nzima. MacKinnon na wenzake walilieleza kwamba ayoni hukaa mbilimbili kwa zamu, na maji katikati yake. Wengine wanashikilia kwamba zote nne hukaa pamoja na kusukumana. Ubishi haujaisha, na faili halitakuamulia.

Historia ya hifadhi hii naipitia haraka. Ilianza mwaka 1971 katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ikiwa na miundo saba. Mwaka 2023 ilivuka laki mbili. Inaendeshwa kwa ushirikiano wa Marekani, Ulaya na Japani. Data ni ile ile, tovuti za kuingilia ndizo tofauti. Ni bure, hakuna kujisajili, na unaruhusiwa kuitumia data utakavyo. Sehemu kubwa ya miundo ya siku hizi haitokani na fuwele tena bali na hadubini ya elektroni inayopiga picha protini zilizogandishwa ghafla. Kipokezi cha ukali wa pilipili, kile kinachofanya ulimi uhisi moto pasipo moto, kilipatikana hivyo mwaka 2013. Kwa watu wa neva ilikuwa neema, maana protini za utando ni wakaidi kuota fuwele.

Nina nongwa moja tu. Tangu 2022 lango la Marekani linatafuta pia miundo iliyokokotolewa na kompyuta, ikiwamo ya AlphaFold, programu ya akili bandia inayobashiri maumbo ya protini. Sina ugomvi na AlphaFold. Ilijifunzia kwenye hifadhi hii hii, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024 haikutolewa kwa hisani. Miundo hiyo ina alama yake na rangi za kuonyesha kiasi cha kuaminika. Lakini kipimo na ubashiri ni vitu viwili, na macho yaliyochoka saa nne usiku hayaangalii alama. Kwa hilo naipunguzia nyota moja kati ya tano, zinabaki nne.

Anayeanza asianze na 1K4C. Aanze na 4HHB, himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni: minyororo yote minne imo tayari kwenye faili, hakuna cha kuzungusha, na heme zake nne, sehemu zinazoshika oksijeni, zenye chuma katikati unaziona bila kuambiwa. Ramani aiwashe mapema, kwenye muundo wowote uliowekwa pamoja na vipimo vyake. Mlango wa potasiamu aje nao wiki ya pili, na apakue faili la umbo kamili.