Cheti cha almasi cha GIA: kisome mpaka chini

Kwa upimaji wenyewe, cheti cha GIA (Gemological Institute of America) kinastahili sifa yake. Maabara hii ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, ndiyo iliyotunga ngazi ya rangi ya D (isiyo na rangi) hadi Z (yenye umanjano), na masonara wengi duniani wanaifuata. Shida iko kwa mnunuzi anayesoma uzito, rangi, usafi na mkato, kisha akakikunja.

Tuanze na uzito. Karati moja ni gramu 0.2. GIA huandika desimali mbili, na tarakimu ya tatu isipokuwa 9 haipandishwi: jiwe la 0.998 hubaki 0.99. Ukali huo una sababu, kwani bei huruka ikifika 1.00, na wakataji huacha kiuno, yaani ukingo wa katikati unaozunguka jiwe, kikiwa kinene ili jiwe lifike hapo. Ndiyo maana mstari wa milimita una faida kuliko wa karati. Almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha kama milimita 6.4 hadi 6.5. Ukikuta 6.1, unalipia karati nzima na kuvaa jiwe linaloonekana la 0.85.

Rangi hupimwa jiwe likiwa limelazwa kifudifudi juu ya kitu cheupe na kutazamwa ubavuni, pembeni yake kukiwa na mawe ya kulinganishia. Likitazamwa kwa juu, mng'ao huficha umanjano. Kwa pete ya dhahabu ya njano, kulipia D ni kutupa hela. H inatosha kabisa.

Usafi una madaraja 11, kuanzia FL (bila dosari) hadi I3 (dosari nyingi), kwa lenzi ya kukuza mara 10. SI1 nyingi (SI ni dosari ndogo) hazionyeshi dosari kwa macho matupu. Ila shuka mpaka sehemu ya maelezo ya ziada. Pakiandikwa kwamba daraja limetokana na mawingu (vikundi vya chembe ndogo sana ndani ya jiwe) ambayo hayakuchorwa kwenye cheti, hasa kwenye SI2, usinunue kabla ya kuliona jiwe lenyewe: huenda limefifia lote, kama kioo chenye mvuke.

Kwenye mkato ndipo cheti kinapolegea. Daraja lake, lililoanza mwaka 2006, lilibuniwa kwa almasi za duara, na Excellent, daraja lake la juu kabisa, ni pana mno. Tafuta pembe ya sehemu ya chini kati ya nyuzi 40.6 na 41, na ya taji, yaani sehemu ya juu, kati ya 34 na 35. Sehemu ya chini ikiwa na kina kupita kiasi, mwanga huvujia chini na katikati huwa na giza. Ikiwa bapa mno, utaona duara la kijivu la kiuno likijitokeza kupitia uso wa juu. Jiwe la G lililokatwa vizuri hulishinda la D lililokatwa ovyo, tena kwa mbali.

Bei haimo kwenye cheti. Uhakika kwamba cheti ni cha jiwe hilohilo pia haumo. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya GIA, isome ilipochongwa kiunoni kwa lenzi, kisha pima uzito na kipenyo. Yamewahi kukamatwa mawe yaliyotengenezwa maabara na kuchongwa namba ya almasi ya asili. Kwenye pete uzito haupimiki, kwa hiyo mwambie sonara alitoe jiwe. Akikataa, ondoka.

Kwa almasi ghafi, yaani ambazo hazijakatwa, kama za mgodi wa Mwadui nchini Tanzania, cheti hiki hakina kazi. Huko thamani inategemea umbo na kiasi kitakachobaki baada ya kukatwa. Almasi ya waridi iliyopatikana mgodini humo, uliokuwa wa Williamson, mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, ilipokatwa zilibaki 23.6.