Bushi za mashine ya miwa: ipi ununue kabla ya kugusa gia

Gia za mashine ya kukamua miwa zikianza kugonga, wengi hukimbilia gia mpya. Subiri. Chomoa umeme, shika rola kwa mikono miwili, inyanyue. Ikicheza juu chini, zilizokufa ni bushi, yaani vile vibomba vifupi ambamo shafti (mhimili wa rola) huzungukia. Bushi ikilika, shafti inahama na gia zinaachana. Meno yanagusana nchani tu, hayaumani, na hapo ndipo yanapokatika. Mashine ya dada yangu ilimaliza seti mbili za gia kabla sijaitoa bushi na kuona tundu lake limekuwa na umbo la yai.

Usiende dukani na bushi ya zamani ukasema "nataka kama hii". Utauziwa kipimo cha kitu kilicholika. Beba shafti yenyewe. Ipime kwa vernia (kipimio cha milimita chenye taya mbili) mahali patatu, kisha upime na tundu inamokaa bushi. Shafti ikiwa na makovu, ikerezwe kwanza, ndipo bushi ifuate kipimo kipya.

Namba moja kwangu ni bushi ya kukerezwa kwa bronzi ya fosforasi, ile yenye madini ya bati kama asilimia 10. Kwa Dar es Salaam, mafundi wa kukereza wapo Gerezani. Mwambie fundi mambo matatu. Kwa shafti ya milimita 25, aache nafasi ya mafuta kati ya shafti na bushi ya milimita 0.03 hadi 0.05, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya printa. Mfereji wa grisi usitoboke hadi ukingoni, la sivyo grisi yote itamwagika nje. Na tundu alimalizie baada ya bushi kugongewa mahali pake, kwa sababu ikishabanwa tundu husinyaa.

Huenda akakupa bronzi ya SAE 660, maana hukerezeka kwa urahisi. Ni nzuri sana kwa mashine ya kukoboa au winchi, ila ina madini ya risasi kama asilimia 7, nayo ni sumu. Juisi inatiririka pembeni yake na watoto wanainywa. Kwenye rola za miwa, ikatae.

Namba mbili ni bushi za unga wa bronzi ulioshindiliwa, zinazouzwa tayari zikiwa zimenyweshwa mafuta; takriban sehemu moja ya tano ya ujazo wake ni mafuta. Zinafaa upande wa mota, juisi isikofika. Ipashe kidogo kwa kiberiti cha gesi: ya kweli hutoa jasho la mafuta. Usiitanue tundu kwa kuchimba, utaziba vinyweleo vyake, kwa hiyo kama saizi yako haipo, achana nayo.

Nailoni ni ya dharura. Ni rahisi na haipigi kelele, lakini hunywa maji ikavimba na kuibana shafti, hivyo inataka nafasi kubwa kuliko bronzi. Ya mwisho ni brasi iliyoyeyushwa kutoka koki za zamani. Inang'aa, bei inavutia, na chini ya mzigo wa rola inalika upesi.

Ukishafunga, tia grisi salama kwa chakula, toa mkanda, zungusha rola kwa mkono. Ikiwa nzito, usiwashe. Irudishe kwa fundi aongeze nafasi.