Sensa ya kranki kwa Isuzu za zamani: kabla ya kununua, angalia soketi

Tangu msimu wa korosho ulipofungwa nimepokea malalamiko mengi yanayofanana kutoka kwa wenye malori wa Masasi, Newala na Lindi mjini, na karibu yote yanahusu Isuzu zenye injini ya 4HK1, ile ya silinda nne yenye ujazo wa lita 5.2. Gari limebeba mzigo wake vizuri, injini ikishapata moto inazimika ghafla mlimani, na ikipoa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi anachomeka mashine ya kusomea, inatoa msimbo P0335, na mwenye gari anaambiwa atafute sensa ya kranki, yaani kifaa kinachoiambia kompyuta ya injini mhimili mkuu unazunguka kwa kasi gani na umefika wapi. Mtwara haipatikani, Lindi haipatikani, inaagizwa Kariakoo na kuja kwa basi, inafungwa, na baada ya muda mfupi ugonjwa unarudi ule ule.

Msimbo P0335 hausemi kwamba sensa imekufa. Unasema kwamba kuna hitilafu katika mzunguko wa umeme wa sensa ya kranki, na mzunguko huo ni sensa yenyewe, soketi inayoiunganisha, na waya zinazokwenda hadi kwenye kompyuta ya injini. Kwa magari yanayolala Shangani, yanayosubiri mzigo karibu na bandari au yanayopita kila siku kando ya ghuba ya Mikindani, ninaamini kiungo cha kwanza kushukiwa ni soketi. Ichomoe, uingize mwanga wa tochi ndani, uangalie pini zake: ukiona unga wa kijani umezishika shinani, hiyo ni chumvi ya bahari imekwisha kuila shaba, na sensa mpya utakayoichomeka hapo itafanya kazi kwa siku chache tu, kwa sababu kule kuchomoa na kuchomeka kumekwangua ule unga kidogo. Ndiyo maana watu wengi huamini kwamba sensa waliyouziwa ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo pima kwanza. Sensa ya aina ya sumaku na koili, ambayo hutumia waya mbili za mawimbi na mara nyingine waya wa tatu wa kukinga mwingiliano, hupimwa ukinzani kwa mita ya kawaida: ikiwa baridi itaonyesha mamia kadhaa au elfu kadhaa za omu, na ukiipasha moto na kipimo kikapotea kabisa, basi koili yake inaachia ikipata joto na unahitaji sensa mpya kweli. Ikiwa kipimo hakiyumbi kwa joto, ila kinarukaruka ukitikisa waya karibu na soketi, usinunue sensa; nunua soketi. Zipo pia sensa za waya tatu zinazolishwa umeme na kompyuta, na hizo zisipimwe ukinzani hata kidogo, kwani unaweza kuziharibu. Hakikisha pia betri ina nguvu, kwa kuwa sensa ya koili hutoa umeme kulingana na kasi ya mzunguko, na stata inayozungusha injini kwa uvivu hutoa mawimbi hafifu ambayo kompyuta huenda isiyatambue.

Ukishathibitisha kwamba sensa ndiyo tatizo, jambo la kutazama dukani ni mdomo wa soketi yake. Ndani kabisa panapaswa kuwa na raba laini ya kuziba, isiyokauka wala kupasuka, au mdomo wake uwe umechongwa kwa ajili ya raba iliyopo upande wa waya. Ulimi wa kufungia unapaswa kulia unapochomeka, kisha ukivuta kwa vidole usiachie. Pini ziwe zimenyooka, zenye rangi moja, zisizocheza. Chukua soketi ya gari lako, au kipande chake kilichokatwa, uende nacho dukani uchomeke palepale mbele ya muuzaji. Anayekataa usichomeke, mwache na mali yake. Linganisha pia urefu wa sensa ya zamani na mpya kuanzia kwenye bapa la boliti hadi nchani, kwa sababu kwenye injini hii sensa inasoma kingo za flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, zenye mikato 56, kila mmoja umbali wa nyuzi 6, pamoja na sehemu tupu ya nyuzi 30. Ikiwa fupi kidogo mawimbi hupungua, na ikiwa ndefu itagongwa na flaiwili.

Chaguo langu la kwanza ni Denso, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mfumo wa mafuta wa injini hii ni wa Denso, kampuni iliyoweka mfumo wa reli ya mafuta (common rail) kwenye malori Japani mwaka 1995, na raba za soketi zake ndizo nilizoziona zikivumilia hewa ya chumvi kuliko za mtu mwingine yeyote. Ukiikuta ndani ya kasha la Isuzu na pia ndani ya kasha la Denso, chukua ya kasha la Denso kama bei yake ni nafuu, mradi namba zilizochongwa kwenye mwili wa sensa zilingane na za ile uliyoitoa. Namba ya Isuzu ina tarakimu 10. Mtumie muuzaji picha ya namba zote, si jina la gari, kwa kuwa Isuzu mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na sensa tofauti.

La pili ni Denso ya mtumba kutoka Japani, na hapa najua baadhi ya mafundi hawatakubaliana nami. Mtumba wenye soketi yake na waya wake walau shubiri moja ninauthamini kuliko sensa mpya ya kampuni nisiyoijua, kwa sababu unabadilisha kwa pamoja vitu viwili vinavyoshukiwa: sensa na kiungo chake. Fundi umeme akate soketi ya zamani, aunge waya kwa risasi, aufunike kwa mrija wenye gundi unaobana kwa joto, na azisokote waya mbili za mawimbi kama zilivyokuwa, kwani msokoto huo ndio unaozuia kelele za umeme wa altaneta. Kinachoniudhi ni wauzaji wanaokata waya palepale kwenye shina, kisha wanauza sensa peke yake na soketi peke yake, kila kimoja kwa bei karibu na ya vyote viwili. Uharibifu huo unafanywa kwa makusudi, na mnunuzi wa mbali anayepokea mzigo kwa basi hana la kufanya.

Sensa mpya za kampuni nyingine zenye jina nitaziweka nafasi ya tatu, kwa mwenye haraka. Zile za bei ya chini zisizo na jina wala namba kwenye mwili wake sizipendekezi kwa gari linalobeba mzigo.

Kuhusu wauzaji, nina neno moja zito. Kibao cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" kimegeuzwa kinga ya kuuza makasha ya Denso yenye vitu visivyo vya Denso ndani, na anayekipinga huambiwa fundi wake ndiye aliyeiunguza sensa. Dai risiti ya EFD yenye maelezo ya kifaa, kwa sababu bila hiyo huna ushahidi, na ukipata bandia peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kushughulikia bidhaa bandia ni kazi yake. Bei nayo inapanda mara tu minada ya korosho inapokaribia, kwa sababu wauzaji wanajua kwamba lori lililosimama Oktoba haliwezi kusubiri. Mwenye 4HK1 ya zamani aagize sensa na soketi ya akiba wakati magari yamepumzika, avifunge kwenye nailoni pamoja na grisi maalumu ya soketi, avihifadhi kwenye kabati la gari, na amwonyeshe dereva mahali vilipo.